Namna ya kuwapa wafanyakazi motisha: mwongozo kwa wenye malori na maghala ya Mbale na Jinja

Wafanyabiashara wengi wa Mbale na Jinja hulalamika kwamba wafanyakazi wao hawakai. Dereva anahama katikati ya msimu wa kahawa, utingo hapokei simu, wapakiaji wameonekana ghala la jirani. Mara nyingi tatizo si udogo wa mshahara peke yake. Yafuatayo ni mambo ambayo meneja anaweza kuyafanya.

1. Anza na haki yake

Bonasi haimsaidii mtu anayekudai mshahara wa miezi miwili. Kima cha chini cha mshahara nchini Uganda ni shilingi 6,000 kwa mwezi, kiwango kilichowekwa mwaka 1984, kwa hiyo kinachomlinda mfanyakazi ni mapatano yenu. Yaandikeni. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inaweka saa 48 za kazi kwa wiki, malipo ya mara moja na nusu kwa saa za ziada, siku moja ya mapumziko kila wiki, na likizo ya malipo ya siku 7 kwa kila miezi minne ya kazi. Katika mfuko wa NSSF mwajiri huchangia asilimia 10 na mfanyakazi asilimia 5. Tangu marekebisho ya mwaka 2022, hata mwajiri mwenye wafanyakazi wachache anahusika.

2. Lipa siku za foleni

Dereva anayelipwa kwa safari ndiye anayebeba hasara ya mpakani. Januari 2022, Uganda ilipodai kipimo cha korona cha kulipia kwa madereva wanaoingia, foleni ya malori ilirefuka kilomita nyingi Malaba na Busia, madereva wakagoma, na bei ya mafuta ikapanda nchini. Weka posho ya kusubiri kwa kila siku, na kiwango kijulikane kabla gari halijaondoka. Dereva asiyejua atakula nini kesho hushawishika kuuza dizeli yako.

3. Usizawadie mbio

Zawadi ya kuwahi kufika tu ni hatari. Njia za kushuka kutoka Wanale ni za mteremko mkali na huteleza mvua ikinyesha. Mwishoni mwa Julai 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika Mbale na kuua watu. Zawadia mzigo uliofika mzima, nyaraka zilizokamilika na gari lisilo na ajali. Dereva akisimama kwa sababu ya mvua, asikatwe.

4. Ghalani, mizani ionekane

Wachambuaji wa kahawa wakilipwa kwa kilo, wapime mbele ya macho yao. Ongeza kitu kwa kazi safi, la sivyo watakimbilia uzito tu. Ushirika wa Gumutindo wa Mbale, ambao jina lake kwa Kigisu lina maana ya ubora wa hali ya juu, ulijijengea soko kwa njia hiyo: mkulima alilipwa zaidi kwa kahawa bora.

5. Sifu hadharani, kemea faraghani

Hili halina gharama. Utingo aliyegundua tairi bovu atajwe mbele ya wenzake. Aliyekosea aitwe pembeni na asikilizwe kwanza.

Kama huwezi kufanya yote kwa pamoja, anza na tarehe ya mshahara: itaje, kisha uitimize kila mwezi.