Usubi: Ngozi Ilisema Kabla ya Macho

Tindiga ni ardhi ya majimaji, na Tindiga ya Kilosa haikulipata jina hilo kwa bahati. Bondeni pale mbu ndio wenye mji. Usubi, inzi mdogo aumaye, hautaki maji yaliyotuama. Hutaga penye maji yanayokimbia, yanayogonga mawe na kutoa povu, kama ya vijito viteremkavyo milimani. Kilosa imo katika maeneo ya Tanzania yanayojulikana kwa ugonjwa wa usubi, sawa na Mahenge, Tukuyu, Tunduru na Usambara.

Dunia inauita upofu wa mito, na jina hilo limetuchelewesha. Mwaka 1875 John O'Neill, daktari wa wanamaji wa Uingereza, alichunguza ngozi za watu wenye upele sugu huko Pwani ya Dhahabu, Ghana ya leo, akaona vijinyoo vikijinyonganyonga. Macho yalikuja baadaye: Rodolfo Robles wa Guatemala aliyahusisha na mnyoo anayezaa vijinyoo hivyo mwaka 1915. Mwaka 1926 mtafiti Blacklock, akiwa Sierra Leone, akamkamata msafirishaji: usubi wenyewe. Tangu hapo macho yakakalia kiti. Mradi mkubwa wa Afrika Magharibi ulioanza 1974 ulipigana hasa na upofu. Anayejikuna angoje.

Angoje vipi? Mnyoo jike hujificha ndani ya kinundu, aghalabu juu ya mfupa wa nyonga, akaishi miaka 10 hata 15 akimwaga vijinyoo ngozini. Vikifa humohumo, mwasho unawaka. Kucha hazifui dafu. Mtu huchukua gunzi au kijiti, akajikuna mpaka damu. Usingizi haupo, na asubuhi shamba linamsubiri. Miaka ikipita, muundi hutoka mabaka meupe yenye vidoa vyeusi, ndiyo ngozi ya chui. Mgeni hudhani ni mbalanga. Wengine ngozi ya kinena hulegea ikaning'inia. Kipofu huonewa huruma. Mwenye ngozi hii hukimbiwa, hata mchumba akawa taabu kumpata.

Ili kuukomesha ugonjwa, Kenya iliwavizia usubi mtoni. Miaka ya 1940 na 1950 DDT ilimwagwa katika mito ya Nyanza mpaka wakatoweka.

Dawa ilitoka mbali zaidi, kwenye kijidudu cha udongo wa Japani alichokipata Satoshi Ōmura. Mwaka 1987 kampuni ya Merck iliahidi kutoa ivermectin bure. Mwaka 1995 ukaanza mpango wa Afrika dhidi ya usubi, na safari hii mwasho nao ulihesabiwa kuwa ugonjwa.

Dawa huua vijinyoo, mama yao hubaki kinunduni. Ndiyo maana humezwa mwaka baada ya mwaka mpaka azeeke na kufa. Kwa hiyo mgawa dawa akibisha hodi na fimbo yake ya kupimia urefu, hata kama mwaka huu huwashwi, toka usimame upimwe, upewe dozi yako.