Raia na Vipimo vya Maji: Nyamasaria na Ghuba ya Winam

Mto Nyamasaria unatoka milima ya Nandi. Huko juu huitwa Kibos. Ukishapita chini ya barabara ya Kisumu–Nairobi hushika njia ya tambarare ya Kano na kumwaga maji yake katika Ghuba ya Winam, mkono wa Ziwa Victoria nchini Kenya, pamoja na udongo wa mashamba ya miwa na taka za mitaa.

Ziwa Victoria lilichunguzwa kisayansi kwa upana mara ya kwanza mwaka 1927 na 1928, Michael Graham alipoongoza utafiti wa uvuvi. Uwazi wa maji ulipimwa kwa sahani iliyoteremshwa kwa kamba mpaka isionekane tena. Kuanzia 1947 kituo cha utafiti wa uvuvi cha Jinja, Uganda, kikaendeleza kazi hiyo. Ilikuwa sayansi ya wenye meli na maabara, nayo ilitazama zaidi ziwa kuliko vijito vinavyolilisha. Wavuvi na akina mama wachota maji waliona mabadiliko mapema, lakini walichokiona hakikuingia daftarini. Hasara hiyo haiwezi kufidiwa leo.

Gugumaji ndilo lililobadili mambo. Katika miaka ya 1990 lilifunika ghuba, likazuia mitumbwi na kukwamisha meli bandarini Kisumu. Mwaka 1992 kilianzishwa Kisumu chama cha OSIENALA, marafiki wa ziwa, kikipeleka suala la usafi wa maji kwa jamii za ufukweni. Kisha Sheria ya Maji ya 2002 ikatambua vyama vya watumiaji wa rasilimali za maji, na ile ya 2016 ikavidumisha. Kwa mara ya kwanza mkazi wa kando ya mto alikuwa na nafasi ya kisheria katika kuulinda.

Kupima kwenyewe kulijaribiwa kusini mwa ghuba, bonde la Sondu-Miriu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Giessen, Ujerumani, na wenzao walisimika mbao 13 za kupimia kina, zenye maelezo kwa wapita njia. Aliyetaka alisoma namba na kuituma kwa ujumbe mfupi wa simu. Katika mwaka wa kwanza vilipatikana vipimo zaidi ya 1,000 vilivyofaa, vyenye ubora unaokaribia ule wa mtambo wa rada. Vingi vilitoka kwa watu wachache walioshikilia kazi hiyo bila kuchoka. Baadaye wenyeji walipima tope kwa mrija wa plastiki: maji humiminwa mpaka alama iliyo chini ipotee machoni. Kanuni ni ileile ya sahani ya utafiti wa Graham.

Mrija huo ungefaa sana Nyamasaria, ambako mvua za masika hugeuza mto kuwa tope kwa saa chache, kabla afisa hajafika kutoka mjini. Lakini hauoni vijidudu vya kipindupindu. Sampuli ya kuvitafuta huwekwa kwenye chupa safi isiyo na vijidudu, hukingwa na joto, na kufikishwa maabara upesi.