Ubishi: Neno la Mlangoni na la Baharini

Aghalabu ubishi hufasiriwa kuwa ni kushindana kwa maneno juu ya jambo dogo. Fasiri hiyo haitoshi. Mgonjwa anayekataa dawa huambiwa aache ubishi, na dawa si jambo dogo. Mashabiki wawili wa Simba na Yanga nao wakimaliza saa nzima wakivutana kama bao lilikuwa la kuotea, ushindani wao huitwa kwa jina hilohilo. Kinachowaunganisha si uzito wa jambo, ni mwenendo wa msemaji: hana mahali pa kuishia. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, ulipo udogo wa ubishi, na ukoo wa neno unaliunga mkono dai hilo.

Kitenzi bisha, mbali na kukanusha au kupinga, kina kazi mbili kongwe. Kamusi ya Frederick Johnson ya 1939 inaitaja ile ya mlangoni, kubisha hodi, na ile ya baharini, kuendesha chombo dhidi ya upepo. Hii ya pili imewapotea wasemaji wengi wa bara, lakini ndiyo inayofundisha zaidi. Jahazi haliwezi kuukabili upepo wa mbisho uso kwa uso; nahodha hulipeleka kombo upande huu, kisha kombo upande ule, na kila linapogeuzwa mabaharia huihamisha foromali, pamoja na tanga lake zito, hadi upande wa pili wa mlingoti. Kazi hiyo inachosha, nayo hufanywa kwa sababu bandari iko mbele. Mlangoni vilevile kuna kiasi: adabu ya pwani ni hodi tatu, na asiyeitikiwa hugeuka akaenda zake. Katika kazi zote mbili kuna kizuizi, na kuna mwisho unaojulikana. Mbishi amekibakiza kizuizi, mwisho ameutupa.

Atakayepinga atasema kwamba haya ni maneno tofauti yaliyogongana kwa sauti tu. Hoja hiyo ina nguvu kwa upande wa hodi, ambako huenda mlio wa kugonga ndio uliozaa neno. Kwa upande wa bahari ni dhaifu, kwani upepo wa mbisho ni upepo unaopinga, na kati ya kupingwa na upepo na kupingwa na mtu hatua ni fupi, maana yoyote kati ya hizo mbili iwe ndiyo iliyotangulia. Mwingine atasema udogo umeletwa na umbo la nomino, kwa kuwa mgomvi na ugomvi, mlevi na ulevi, yamejengwa vivyo hivyo. Lakini mtumishi na utumishi nayo ni ya umbo hilo, na hakuna anayeyadharau. Umbo hutaja mazoea tu. Mazoea ya kutumika ni sifa, ya kupinga kila kitu ni kero. Ndiyo maana mabishano ya mawakili mahakamani hayaitwi ubishi mpaka mmoja wao aanze kurudia hoja iliyokwisha jibiwa.

Kinachobaki kuelezwa ni kibishi, neno ambalo watangazaji wa mpira wa Tanzania hulitumia kwa kusifu: timu imeshinda kibishi, imelinda bao moja huku ikishambuliwa kipindi kizima. Hapa ukaidi umepata heshima bila neno kubadili maana, kwa kuwa uwanjani kuna firimbi ya mwisho, na kijiweni hakuna.