Nani Alishika Kalamu ya Bahari?

Ukiwa Machame, bahari ni habari ya mbali. Watu wanaongea migomba, kahawa na zamu ya maji. Lakini mvua inayolisha hiyo migomba imetoka, kwa sehemu kubwa, Bahari ya Hindi. Kwa hiyo swali la nani ameichora bahari hiyo, na kwa kalamu ya nani, linatuhusu hata sisi wa mlimani.

Chukua vuli ya 1961. Tanganyika inajiandaa kupandisha bendera yake, mvua zinapiga Afrika Mashariki bila huruma, na katika miaka michache iliyofuata Ziwa Victoria likapanda kwa zaidi ya mita 2. Chanzo kilikuwa baharini: maji ya upande wetu yalipata joto kupita kawaida, ya upande wa Indonesia yakapoa. Ila mtindo huo ulikuja kuelezwa vizuri mwaka 1999, N. H. Saji na wenzake walipouandika katika jarida la Nature.

Si kwamba vipimo havikuwepo. Kati ya 1959 na 1965 meli za mataifa mengi ziliipima Bahari ya Hindi, na mwaka 1971 Klaus Wyrtki akatoa atlasi yake huko Washington. Kazi kubwa sana. Lakini atlasi ya karatasi unaisoma tu. Swali lako likiwa tofauti na la mchoraji, huna la kufanya.

Kilichobadilisha mambo ni programu huria. Mwaka 1987 Paul Wessel na Walter Smith, wakiwa bado wanafunzi New York, walianza kutengeneza GMT, programu ya kuchora ramani, wakaigawa bure. Mwaka 2003 John Hunter akatoa Matplotlib, aliyoianza ili aone mawimbi ya ubongo wa wagonjwa wa kifafa. Leo inachora mawimbi ya bahari pia. Kisha kukawa na data: kufikia 2007 mradi wa Argo ulikuwa na maboya 3,000 yanayozama hadi mita 2,000 na kuibuka kila siku 10 kutuma vipimo vya joto na chumvi, wazi kwa kila mtu. Mwanafunzi wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, Zanzibar, anaweza kuchora mwenyewe joto la bahari la vuli ya 2019, iliyofurika vilevile, na akabishana na ramani ya profesa wa Ulaya.

Hapo ndipo watu wanachanganya "bure" na "huria". Mzee wa Kichagga angeelewa haraka. Maji ya mfongo hayauzwi, lakini siku ya msaragambo unakwenda na jembe kuzibua matope. Asiyekwenda zamani alitozwa faini. Programu huria ni mfongo. Msimbo wake uko wazi ili usomwe, urekebishwe, uongezewe.

Na kazi ipo. Maboya ya Argo yalitengenezwa kwa ajili ya kina kirefu. Maji mafupi ya pwani, wanakovua watu wa Tanga na Kilwa, hayayafikii. Vipimo hivyo tutavichukua wenyewe, tuviweke wazi, na tuandike maelezo ya programu hizi kwa Kiswahili. Mpaka sasa tumekunywa maji ya mfongo waliochimba wengine. Zamu ya jembe imefika.