Risasi ya Mguu na Mbuzi Mia

Julai 9, 2025, siku mbili baada ya maandamano ya Saba Saba, Rais William Ruto alisema kwamba anayechoma biashara ya mwenzake apigwe risasi ya mguu, apitie hospitali akielekea kortini. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu zaidi ya watu 30 waliopoteza maisha siku ya maandamano hayo. Katika miji ya Mlima Kenya kauli ile iliwagawa watu wanaokula meza moja. Mwenye duka mjini Nyeri alikumbuka Juni 2024, supamaketi inayohusishwa na mbunge mmoja ilipoporwa na kutiwa moto, akasema afadhali. Mwenye kijana wa miaka 20 naye akauliza ni bunduki gani hiyo inayojua mguu uko wapi katikati ya umati unaokimbia.

Nyeri ina sababu yake ya kuisikia kauli ile kwa sikio la pekee. Risasi ya mguu iliyo maarufu kuliko zote katika historia ya Kenya ilipigwa huko, Oktoba 21, 1956, pembeni mwa msitu upande wa Tetu. Aliyelengwa alikuwa Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau. Alipelekwa hospitali ya Nyeri, akashtakiwa katika korti ya Nyeri mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor kwa kupatikana na bastola, na Februari 18, 1957 akanyongwa Kamiti. Risasi, hospitali, korti: utaratibu uleule, hatua kwa hatua. Aliyefyatua hakuwa Mzungu. Alikuwa Mkikuyu mwenzake, askari wa polisi wa kikabila, kikosi kilichokuja kuzaa Polisi wa Utawala, hawa tunaowaita AP.

Mjadala wa polisi na nguvu huendeshwa kwetu kana kwamba kuna pande mbili tu, wapenda sheria na wapenda fujo. Ukiziweka mila mbalimbali bega kwa bega unaona mgawanyiko huo hauna mashiko. Sijui mila hata moja iliyokataa nguvu moja kwa moja. Wazee wa kiama, baraza la Wakikuyu, walikubali kuna siku mkono lazima uinuliwe, Wasukuma wakakubali, Waingereza wakakubali. Wanapoachana ni baada ya kipigo: aliyepiga anajulikana kwa jina gani, na deni linaangukia mlango wa nani?

Jomo Kenyatta, katika kitabu chake Facing Mount Kenya cha mwaka 1938, ameeleza malipo ya damu: mbuzi au kondoo 100 kwa mwanamume, 30 kwa mwanamke. Hesabu hiyo ya mwanamke inatosha kumtuliza yeyote anayetaka kuturudisha huko bila kuuliza. Lakini tazama mtambo wenyewe ulivyofanya kazi. Muuaji hakulipa peke yake. Mbari yake nzima, yaani ukoo wa upande wa baba, ililipa. Baba mdogo aliyejua kwamba hasira za mtoto wa nduguye zinaweza kulimaliza zizi lake alikuwa na kila sababu ya kumshika mkono mapema. Polisi wa kijiji ndio ulikuwa ukoo wenyewe, na mshahara wake ulikuwa woga wa kufilisika. Wazee hawakuhangaika sana na nia. Iwe kwa kukusudia au kwa bahati mbaya, nyumba moja imepungukiwa na mtu, na lile pengo lina bei. Ukikana, kuna thenge: beberu analetwa uwanjani, mifupa yake inavunjwa huku ukiapa kwamba ukisema uongo nawe uvunjwe vivyo hivyo. Asiyekuwa na mbari ya maana, mhamiaji anayelima shamba la wengine, alikuwa na kinga ndogo. Mtambo ule uliwafaa wenye ukoo.

Ndugu zetu Wasomali wanao mtambo wa jamaa yake, diya, na haujaingia makumbusho. Mwaka 2013 Mahakama Kuu jijini Nairobi ilikubali kesi ya mauaji iondolewe baada ya familia mbili kukaa na kulipana ngamia na mbuzi kwa mila na dini yao. Mawakili wengi walishtuka, wakasema mwenye mali atanunua uhuru. Hofu hiyo ni ya haki. Nami naongeza yangu: diya hufanya kazi koo mbili zikiwa na uzito unaokaribiana, kwa sababu kila moja inaweza kuiumiza nyingine. Serikali ina ukoo gani?

Kwa Waingereza ilikuwa nyumba moja yenye milango miwili. Robert Peel alipounda polisi wa London mwaka 1829, askari walitembea bila bunduki na namba kwenye ukosi wa koti, ili fundi viatu aliyeonewa aweze kuisoma na kwenda kushtaki. Ireland walipewa kitu kingine: askari wenye silaha, wanaolala kambini, wasiopangwa kazi katika kaunti walikozaliwa. Makoloni yaliletewa mtindo huo wa pili, na maafisa wengi wa polisi wa makoloni walipitia mafunzo Dublin kabla ya kupanda meli. Mantiki yake iko wazi. Askari awe mgeni kwa watu anaowalinda, asiwe na shangazi sokoni, amjibu aliye juu yake tu.

Matokeo yake tuliyaona mapema. Juni 1953 wanajeshi wa kikosi cha kikoloni cha KAR waliua watu wapatao 20 huko Chuka, baadhi yao walinzi wa upande wa serikali yenyewe. Hakuna aliyehukumiwa kwa mauaji hayo. Serikali ya Uingereza ilisubiri hadi Juni 2013 kueleza masikitiko yake kwa mateso ya miaka ile ya vita vya Mau Mau, ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228. Malipo hayo yalitoka kwenye mfuko wa walipakodi wa Uingereza, ambao wengi wao hawakuwa wamezaliwa wakati huo. Waliopiga hawakutoa hata mbuzi mmoja.

Sasa njoo Kianjokoma, Embu. Usiku wa Agosti 1, 2021, wakati wa kafyu ya korona, ndugu wawili, mmoja wa miaka 22 na mwingine 19, walikamatwa na polisi. Wazazi waliwatafuta, wakawakuta mochari siku mbili baadaye. Polisi wakasema vijana waliruka kutoka kwenye gari likitembea. Uchunguzi wa maiti ukaonyesha majeraha ya kichwa na mbavu. Wakazi walifunga barabara, na katika maandamano hayo mtu mwingine akapigwa risasi akafa. Mwaka huohuo askari sita wakashtakiwa kwa mauaji, baada ya uchunguzi wa IPOA, mamlaka huru ya kuwachunguza polisi.

Dai lile la kuruka ndilo linalonishika. Ni neno la mtu ambaye hatakutana nawe Jumapili kanisani. Mbele ya kiama lisingekuwa na maana, kwa sababu swali la kwanza lisingekuwa walikufaje bali walikuwa mikononi mwa nani. Mzee wa miaka 80 na wakili wa haki za binadamu wa Nairobi wanakutana hapa bila kupanga: aliyemchukua mtu wa watu akiwa hai ndiye wa kueleza.

Na tusidanganyane kwamba dawa ni askari wa nyumbani. Watanzania walilijaribu wazo hilo kwa kiwango kikubwa kuliko sisi. Sungusungu walianzia Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe uliposhamiri na bunduki za vita vya Uganda zikiwa bado mikononi mwa watu. Walikuwa na pinde, filimbi, na adhabu kali kuliko bakora: kutengwa, asikupe mtu moto wala maji. Nyerere aliwaunga mkono, na baadaye sheria ikawatambua. Wizi ulipungua sehemu nyingi. Vikongwe waliosingiziwa uchawi nao walipata taabu. Kenya ikaazima kwao mpango wa ulinzi wa majirani, Nyumba Kumi, mwaka 2013, baada ya shambulio la kigaidi la Westgate, kana kwamba tunaazima sufuria kwa jirani bila kuuliza ilipikiwa nini.

Mlimani tulikuwa na somo letu wenyewe, tena la karibu. Mwanzoni mwa 2009 wanakijiji wa Kirinyaga waliochoshwa na genge la Mungiki kuwatoza pesa waliunda kundi na kulipa jina la The Hague, wakawawinda na kuwaua washukiwa. Aprili, Mungiki wakalipiza kwa mapanga na mashoka katika kijiji cha Gathaithi, upande wa Karatina, na watu 29 wakauawa usiku mmoja. Majirani kwa majirani. Kizazi cha babu zao kingewaambia habari za ngati, walinzi wa miaka ya hamsini waliojua kila kibanda na kila mtoto wa msituni, na ambao kwa sababu hiyohiyo walipiga kwa uhakika zaidi kuliko mgeni. Kujuana bila kulipana kunampa mpigaji ramani tu.

Upande wetu pia tuna unafiki wa kusema. Agosti 2017 polisi walipoingia mitaa ya Kisumu na mtoto wa miezi sita, Baby Pendo, akapigwa rungu akafa, Mlimani wengi walinyamaza, na wengine waliona sawa, kwa kuwa serikali ilikuwa yetu. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Sauti za leo dhidi ya polisi zingekuwa na uzito zaidi kama zingesikika wakati ule.

Wala si kwamba watu wanataka polisi waondoke. Februari 2024, kijijini Kangai, Kirinyaga, watu 17 walikufa kwa pombe ya sumu, wengine wakapoteza macho. Ikabainika kwamba pombe hiyo ilikuwa kizibiti kilichotoka katika kituo cha polisi cha Kiamaciri. Siku zilizofuata wanawake wale waliowalaani polisi ndio walioitisha misako mikali, milango ivunjwe, wapikaji wachapwe. Sioni mkanganyiko hapo. Mama aliyezika mume anataka nguvu itumike, na anataka kujua ni nani aliyekuwa na ufunguo wa ile stoo.

Sheria yetu, kwa kweli, imeshamjibu. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011, Jedwali la Sita, inamtaka askari mwenye sare avae jina au namba yake mahali inapoonekana. Inasema amri ya mkubwa si kisingizio cha nguvu haramu. Inataka kifo au jeraha baya viripotiwe IPOA. Ukosi wa London umefika Nyeri baada ya miaka 182. Kilichoonekana mitaani Juni 2024 ni barakoa, jaketi za kiraia na magari yasiyo na alama, hadi mawakili wakaenda mahakamani kutafuta amri kwamba polisi wasifiche nyuso.

Ndiyo maana ninaitazama kwa jicho la shaka habari ya fidia. Agosti 2025 Rais aliteua jopo chini ya Profesa Makau Mutua kushughulikia malipo kwa waathiriwa wa maandamano tangu 2017. Mwezi uliofuata Mahakama Kuu ya Kerugoya, mlimani hapahapa, ililisimamisha kwa muda, mlalamishi akidai kazi hiyo kikatiba ni ya tume ya haki za binadamu. Wapo waliokasirika: familia zina madeni ya hospitali na mazishi, zipewe chao, mambo ya tume yafuate. Siwalaumu. Ila fidia ya Hazina Kuu ni mbuzi wanaotoka katika zizi la watu wote, la mfiwa likiwemo. Mzazi wa Embu anayelipa kodi kwenye sukari na kwenye muda wa maongezi anachangia damu ya mwanawe, na mpigaji mwenye hasira hana baba mdogo wa kumshika mkono.

Wazee wa kiama wasingehesabu kabla ya kujua mbari. Kulijua hilo hakuhitaji thenge. Kila stesheni ina OB, daftari la matukio, inayoonyesha nani alikuwa zamu usiku ule, na kila ghala la silaha lina daftari linaloonyesha nani alichukua bunduki ipi, na aliirudisha na risasi ngapi. Hayo ndiyo madaftari ya kuitishwa kwanza, iwe na jopo au na tume.