"Umefika Lini?": Timilifu ya Waingereza na -ja- Yetu

Mgeni akikutana na mwenyeji wake asubuhi katika mtaa wowote wa Musoma, baada ya shikamoo na habari za safari ataulizwa, "Umefika lini?" Naye atajibu, "Nimefika jana jioni, mama." Hakuna Mswahili atakayeshtuka. Lakini mtoto wa kidato cha kwanza akiichukua sentensi hiyo neno kwa neno na kuandika "I have arrived yesterday", daftari litarudi na alama nyekundu. Hata swali lenyewe, "When have you arrived?", ni kosa. Mwalimu atamwambia kwamba palipo na "jana" au "lini" Kiingereza kinataka wakati uliopita wa kawaida. Kwa nini kinataka hivyo, mara nyingi hasemi, na nadhani istilahi tuliyonayo imechangia ukimya huo.

Jina kamili katika vitabu vya sarufi ni wakati uliopo hali timilifu. Ni jina la vipande viwili. Kipande cha kwanza ni cha njeo, yaani mahali pa tendo katika mstari wa muda. Cha pili ni cha hali, yaani jinsi msemaji anavyolitazama tendo: limekwisha, linaendelea, au ni la mazoea. "Timilifu" imetokana na kutimia, na neno la Kilatini lililozaa istilahi ya Kiingereza, perfectus, nalo maana yake ni kilichokamilishwa. Hapo wafasiri wetu hawana lawama. Kasoro imeingia katika matumizi. Tumezoea kufupisha na kusema "hali timilifu" tu, tukaidondosha "uliopo", na kwa Kiingereza hiyo "uliopo" ndiyo yenye kazi kubwa. Kitenzi kisaidizi "have" kiko katika wakati wa sasa. Tendo limetimia, ndiyo, lakini muda linamohesabiwa unafika mpaka sasa hivi: leo, wiki hii, tangu nizaliwe. Muda ukishafungwa, kama jana, mwaka 1999 au dakika tano zilizopita, timilifu haina nafasi.

Angalia kwamba umbali hauhusiki. Dakika tano ni kitambo kidogo mno, lakini ukizitaja kwa namna ya kuzifunga lazima utumie wakati uliopita. Ukisema watu wameishi kando ya Ziwa Viktoria kwa maelfu ya miaka, Kiingereza kinakubali timilifu, kwa sababu maelfu hayo yamefika mpaka leo na watu bado wapo. Anayefundisha kwamba timilifu ni "jambo la juzijuzi" anampa mwanafunzi kanuni itakayomwangusha kwenye swali la pili.

Sasa -me- yetu. E. O. Ashton, katika sarufi yake ya Kiswahili iliyochapishwa mwaka 1944, aliieleza kwa mambo mawili yanayokwenda pamoja: tendo kukamilika, na hali inayobaki baada ya tendo. Wanaisimu wengi wanakihusisha kiambishi hiki na kitenzi cha kale chenye maana ya kumaliza. Kwa Kiswahili, basi, hoja ni kama matokeo yapo. Muda kufungwa au kutofungwa hautusumbui. Kondakta wa stendi ya Bunda akipaza sauti "Gari limejaa!", hakuelezi historia ya abiria mmoja mmoja walivyopanda, anakuambia hali ya gari, kwamba utafute jingine. Mwingereza hapo hatumii timilifu, anatumia wakati uliopo na neno la sifa: "The bus is full." Ndivyo ilivyo kwa amelala, amesimama, amevaa, amechoka, na kwa dagaa waliokauka juani mwaloni. Sisi tunasema wamekauka; yeye anasema ni wakavu.

Mfano ulio wazi kuliko yote uko Butiama. Mwalimu Nyerere alizaliwa huko tarehe 13 Aprili 1922, akafariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akarudishwa nyumbani na kuzikwa Mwitongo, hapohapo Butiama. Siku ile Rais Benjamin Mkapa alipolitangazia taifa msiba, "amefariki" ndilo lililokuwa neno la siku, na Kiingereza nacho kingesema "has died", maana habari ilikuwa mbichi na saa zake zilikuwa bado zinakwenda. Leo Kiingereza kinasema "died" basi. Lakini Mswahili wa leo, miaka yote hii baadaye, anaweza kusema "Mwalimu amezikwa Butiama" na akawa sahihi kabisa, kwa kuwa kaburi liko palepale. Ukitafsiri kwa "has been buried", msikilizaji wa Kiingereza atadhani mazishi yamemalizika sasa hivi. Anachotaka ni "is buried" kwa hali, au "was buried" kwa tukio. Na ndivyo lilivyo lile kosa la wasifu wa kuombea kazi: "Nimezaliwa Bunda mwaka 1995" ni Kiswahili cha kila siku, lakini Kiingereza hakikubali chochote isipokuwa "I was born".

Marehemu wana kanuni yao pia. Mwanaisimu Noam Chomsky aliwahi kuonyesha kwamba sentensi ya Kiingereza inayosema Einstein "has visited" Princeton inaleta picha kwamba Einstein yu hai, wakati ukiigeuza ikawa Princeton "has been visited" na Einstein, ugumu unalegea, kwa kuwa Princeton bado ipo. Tulete hilo nyumbani. Nyerere alifasiri tamthilia mbili za Shakespeare, na tunazo katika Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi. Mwanafunzi akiandika kwa Kiingereza kwamba Nyerere "has translated" tamthilia hizo, amemfufua. Akianza na tamthilia zenyewe, kwamba "have been translated" kwa Kiswahili na Nyerere, anapita bila taabu. Vitabu vingali rafuni. Kwa Kiswahili "Mwalimu ametafsiri Shakespeare" haiwashtui wasomaji wengi, hasa ikiandikwa katika orodha ya kazi zake.

Bernard Comrie, katika kitabu chake cha mwaka 1976 kuhusu hali za vitenzi, aliigawa timilifu katika matumizi manne, na ukiyapitia utaona Kiswahili hakiyaweki yote chini ya kiambishi kimoja. Matokeo yaliyobaki ni -me-, na habari mpya ni -me-. Jambo lililowahi kumtokea mtu walau mara moja maishani tunalipa kitenzi chake: "Umewahi kufika Butiama?", au kwa wazee, "Umepata kufika?" Na hali iliyoanza zamani ikaendelea mpaka leo hatuitii timilifu kabisa. Tunasema "Ninaishi Bunda tangu 2012", kwa -na-. Ndiyo maana wanafunzi wetu huandika "I am living in Bunda since 2012", na kosa hilo halitibiki kwa kukaririshwa kanuni ya -me-, kwa sababu -me- haikuwamo tangu mwanzo.

Mkoani Mara kuna jingine tena. Mtoto wa huku huenda amekua na Kijita, Kikwaya, Kizanaki, Kiikizu au Kikurya kabla ya Kiswahili cha shule. Lugha za Kibantu za ukanda huu zina desturi ya kuupanga wakati uliopita kwa ngazi, lililotokea leo likiwa na umbo lake na la zamani umbo lake, jambo ambalo Kiswahili sanifu hakinalo. Mtu mwenye mgawanyo huo kichwani anaweza kudhani kwamba timilifu ya Kiingereza ni "wakati uliopita wa leo". Asicheke mtu: wanasarufi wa Port-Royal, Ufaransa, mwaka 1660, walieleza njeo mbili za Kifaransa kwa msingi wa siku, kwamba umbo moja lisitumike kwa jambo la siku hiyohiyo. Kiingereza cha leo hakihesabu hivyo. "I saw him this morning" na "I have seen him this morning" zote ni sahihi. Ya kwanza husemwa asubuhi ikishapita, ya pili asubuhi ingalipo.

Tatizo letu, basi, ni kwamba tumekuwa tukiilinganisha timilifu ya Kiingereza na kiambishi kisicho chake. Ndugu yake wa karibu ni -ja- ya ukanushi. Ikanushe ile sentensi ya Musoma. "Nimefika jana" inakubalika. "Sijafika jana" haikubaliki hata kwa mtoto wa chekechea. Utasema "Sikufika jana." Kanusha "Nimezaliwa mwaka 1995", nayo "Sijazaliwa mwaka 1995" itakwama kooni. Jaribu kwa marehemu: "Mwalimu hakutafsiri Hamlet" ni sawa, lakini "Mwalimu hajatafsiri Hamlet" inasikika kama tunamsubiri amalize. Katika ukanushi Kiswahili kinaufunga muda kama Kiingereza kinavyoufunga, na mwanafunzi wa Butiama anaijua kanuni hiyo tangu utotoni bila kufundishwa na mtu. Mvuvi asiyeonekana asubuhi katika mwalo wa Mwigobero, Musoma, hajafika, macho yako ziwani bado. Jioni, watu wakishatawanyika, hakufika. "Hasn't come", "didn't come".

Kwa hiyo ningeanza somo kwenye ukanushi, kisha ndipo nirudi kwenye uyakinishi. Sentensi yenye -me- ikikanushwa kwa -ja- bila kugoma, timilifu ya Kiingereza inawezekana. Ikidai -ku-, andika wakati uliopita. Kipimo hiki kina mipaka. "Gari halijajaa" inapita, na kweli "The bus hasn't filled up" ni Kiingereza kizuri, lakini hakimwambii mwanafunzi kwamba "Gari limejaa" ni bora iwe "is full". Vitenzi vya hali vinahitaji somo lao, na "tangu" inahitaji lake.

Kuna pia suala la Kiingereza cha nani. Mmarekani huweza kuuliza "Did you eat yet?" pale ambapo Mwingereza angetaka "have", na ukiitazama kwa jicho la Kiswahili utaona Mmarekani huyo ndiye aliye mbali zaidi na "Hujala bado?" yetu. Mitihani yetu hufuata kawaida ya Uingereza, kwa hiyo aliyejifunza Kiingereza kwenye filamu za Hollywood atalazimika kuirudisha "have" yake kabla ya kuingia chumba cha mtihani.