Skeli ya modeli ya reli

Skeli ya modeli ya reli ni uwiano kati ya vipimo vya reli halisi na vya mfano wake uliopunguzwa. Zilizoenea zaidi ni HO (1:87), N (1:160) na G (1:22.5). Skeli haipaswi kuchanganywa na upana wa njia, na jiji la Mwanza, Tanzania, linaonyesha tofauti hiyo vizuri. Reli ya mita, iliyofika mjini kutoka Tabora mwaka 1928, ina milimita 1,000 kati ya vyuma vyake. Reli ya kisasa (SGR) ya Mwanza–Isaka, iliyowekewa jiwe la msingi mwaka 2021, ina 1,435. Kwa 1:87, ya kwanza huundwa kwa njia ya milimita 12, ya pili kwa 16.5.

Mpango wa modeli huhamishwa kutoka skeli moja hadi nyingine kwa hesabu. Mchoro wa bandari ya Mwanza Kusini, ambako mabehewa huingizwa ndani ya meli ya MV Umoja kwenda Port Bell, Uganda, ukiwa wa 1:87 huzidishwa kwa 0.54 kupata 1:160. Behewa la mita 12 hushuka kutoka sentimita 13.8 hadi 7.5. Vidole vya fundi, hata hivyo, havipungui. Ndiyo maana nafasi kati ya njia sambamba katika skeli ndogo mara nyingi huachwa kubwa kuliko hesabu inavyotaka.